Moto wa Kamyo ya Samaki

Shemeji yangu alijifunza kuendesha gari mikononi mwangu. Naanza hapo kwa sababu watu wa mji wetu wa Kamina wanaoijua habari yetu huanzia kwenye moto, na ukianzia kwenye moto utaniona mimi ndiye mwenye makosa, kama walivyoniona wao.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa fundi katika garaji moja nyuma ya maduka, karibu na stesheni, hata treni ikipiga filimbi tulinyamaza wote tukaingoja imalize. Mwenye garaji alikuwa Mzungu wa makamo, mtu wa maneno machache, si mkali wala si mwema. Wenzangu walifungua injini na kubadilisha springi. Mimi nilipewa umeme: batri, dinamo, taa, honi. Wengi hawakuitaka kazi hiyo, kwa sababu ubovu wa umeme hauonekani kwa macho. Springi iliyovunjika unaiona. Waya uliochunika ganda lake mahali fulani chini ya gari, ukawa unagusa chuma, hauuoni. Umeme uliopaswa kwenda kwenye taa unapata njia ya mkato, unamwagika kwenye chuma, na pale unapomwagikia unaacha joto. Tuliuita ubovu huo kursirkwi, kama Wazungu walivyouita, na mimi niliupenda kama mwindaji anavyompenda mnyama mwenye akili.

Mdogo wangu wa kike aliolewa na kijana wa mjini. Sisi tulikuwa watu wa kijiji, Wakatoliki, watu wa mihogo na mahindi. Wao walikuwa Wametodisti, baba yao mwalimu, nyumbani kwao mna viti na vitabu. Mama yangu hakuitaka ndoa ile. Aliuliza watoto watabatizwa wapi, na siku ya msiba nani atamzika nani. Mimi ndiye niliyemsihi kiangazi kizima mpaka akachoka. Kijana mwenyewe nilimpenda. Alivaa shati lililopigwa pasi, alisema Kifaransa bila kukwama, na alipokuja kwetu mara ya kwanza alikaa kwenye mkeka pamoja nasi bila kuihurumia suruali yake.

Alikuwa ameacha shule kwa sababu ya ugomvi na mkubwa wake mmoja, kwa hiyo ukarani ulimpita, na jembe hakulitaka. Nikamwomba mwenye garaji ruhusa, na Jumapili baada ya misa yangu na ibada yake nilimkalisha kwenye usukani wa gari bovu lililokuwa uani, nikamfundisha. Alikuwa mwepesi kuelewa. Kisha mfanyabiashara mmoja wa Kizungu, aliyekuwa ananunua samaki Kinkondja, kwenye ziwa Kisale, na kuwaleta Kamina kuwauza na kuwapakia kwenye treni, akaja garajini kwetu kuuliza kama tunamjua shofere mwenye adabu. Nikamtaja shemeji yangu. Siku alipopata kazi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Shemeki, weye njo baba yangu wa pili." Nilikuwa namzidi umri kidogo tu, lakini neno lile lilinifurahisha.

Kamyo aliyopewa, lori la kubebea samaki, haikuwa mpya. Mwanzo ilienda vizuri. Baadaye ikaanza kumfanyia jambo la ajabu: taa zilizimika zote kwa pamoja akiwa njiani jioni, za mbele na za nyuma, kama mtu amepuliza mshumaa. Akifungua kisanduku chini ya dashibodi alikuta fizibu imekatika. Fizibu, kwa asiyeijua, ni kijiti kidogo cha kioo chenye uzi mwembamba ndani. Umeme wote wa taa ulipita katika uzi ule. Umeme ukizidi, uzi unayeyuka na njia inafungwa. Alikuwa anaweka fizibu nyingine, taa zinawaka, anaenda kidogo, inakatika tena.

Aliniletea kamyo garajini. Nikawasha taa, zikawaka. Nikaziacha ziwake mpaka batri ikaanza kuchoka, fizibu ikabaki nzima. Nikatikisa nyaya, nikapiga chasisi kwa nyundo, nikageuza usukani huku na huku. Hakuna kitu. Akaondoka, na safari iliyofuata akarudi na fizibu zilizokatika mfukoni, akazimimina mbele yangu kama mtu anayeonyesha meno ya mtoto wake. Akasema bosi wake, patron kama tulivyowaita, ameanza kumtazama vibaya, anafikiri anachelewa kwa kupenda.

Nililala nikiiwaza ile kamyo. Asubuhi, nikiwa nakunywa uji, nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwanzo: kwa nini akienda Kinkondja fizibu haikatiki, na akirudi inakatika? Njia ni ile ile, mashimo ni yale yale. Lakini akienda kamyo ni tupu, na akirudi imejaa samaki.

Siku ile nilitoa globu zote za taa, za mbele na za nyuma, kwenye vikombe vyake. Nikaondoa fizibu, na mahali pake nikafunga taa yangu ndogo ya kupimia. Maana ya kufanya hivyo ni rahisi: kama nyaya ni nzima na taa zimetolewa, umeme hauna pa kwenda, na taa ndogo haiwaki. Ikiwaka, ujue umeme umepata mlango wa wizi. Nikawasha swichi. Taa ndogo ikabaki giza. Basi nikaenda sokoni, ng'ambo ya barabara, nikawaita wapagazi wa magunia, watu wenye vifua, nikawaomba wapande nyuma ya kamyo wote pamoja.

Walipopanda, kitanda cha mbao cha kubebea mzigo kikalia, springi zikashuka, na taa yangu ndogo ikawaka.

Nikawaambia washuke. Ikazimika. Nikawaambia wapande. Ikawaka. Wakaona wenyewe, wakafanya mchezo: wanapanda wanaimba, wanashuka wanaimba, na watu wa sokoni wakaja kutazama kamyo inayopepesa jicho kwa sababu ya uzito wa watu. Shemeji yangu alicheka mpaka akajifuta machozi. Hata mwenye garaji alitoka na kikombe chake cha kahawa, akatazama, akatikisa kichwa, akarudi ndani. Katika maisha yangu ya ufundi sikupata siku nyingine tamu kama ile, ndiyo maana nikiikumbuka inaniuma kuliko zile mbaya.

Nikaingia chini. Waya wa taa za nyuma ulipita kati ya chasisi na mti mmoja wa kitanda cha mbao. Kamyo ikiwa tupu kulikuwa na nafasi ya kidole. Ikijaa, mti ulishuka ukaubana waya kwenye chuma. Tena si kubana tu. Samaki wa chumvi walikuwa wamedondosha maji yao juu ya waya ule muda mrefu, chumvi ikawa imekula ganda la mpira na kitambaa, na ndani shaba imegeuka kijani. Nilipougusa ulimeguka. Nikaufuata kwa mkono tangu mbele mpaka nyuma, kila mahali ulikuwa hivyo hivyo.

Nilitoka chini nikaeleza. Waya wote wa nyuma utolewe, uwekwe mpya, upitishwe upande mwingine ambako mbao haziufikii. Waya wa kutosha hatukuwa nao, ilikuwa lazima utoke Elisabethville kwa treni. Mfanyabiashara wa samaki, ambaye alikuwa amefika wakati ule, akauliza ni lini. Mwenye garaji akasema hajui, labda juma lijalo, labda baadaye. Mfanyabiashara akasema samaki wake walioko ziwani hawajui mambo ya labda. Wakazungumza kidogo kwa lugha yao, kisha mwenye garaji akanigeukia, akaniambia nizungushe utepe pale penye ubovu, niweke fizibu, kamyo iondoke. Nilimwambia utepe hautakaa, mti utausaga. Akarudia neno lake. Nikazungusha utepe, tabaka juu ya tabaka, nikakata kipande cha mpira wa tairi nikakiweka kati ya mti na chuma.

Kabla shemeji hajaondoka nilimvuta kando. Nilitaka asikie kwa masikio yake, si kwa adabu tu.

"Shemeki, sikiliza," nilimwambia. "Ile kazi niliyofanya haiko kazi. Iko ya kudanganya njia. Fizibu ikikatika tena, usitie kintu kingine. Zima taa. Fasi jua litakuzamia, lala pale pale, utaendelea asubuhi."

"Na patron akiuliza?"

"Mwambie minyi njo nilikataza. Fizibu inakufa ili kamyo isikufe. Umesikia?"

Akasema amesikia. Nikampa fizibu nzima chache akaziweka mfuko wa shati. Akapanda, akapungia mkono, akaondoka.

Yaliyotokea njiani niliyapata kwa vipande. Alikuwa anarudi na mzigo kamili, samaki wa chumvi na samaki wa moshi, wamefunikwa kwa mikeka ya matete na turubai. Jua lilipokaribia kuzama watu wa kijiji kimoja waliona kamyo inapita taa zikiwaka, na nyuma yake moshi. Wakadhani ni vumbi. Mbele kidogo ikasimama. Moto ulianzia chini ya kitanda, ukashika mbao zilizolowa mafuta ya samaki, ukashika matete. Shemeji alipanda juu kuvuta turubai ili aokoe mzigo, na turubai lilikuwa tayari linawaka. Likamganda mikononi. Wanakijiji walimvuta chini, wakampaka asali, wakambeba kwa machela mpaka mahali palipopatikana gari. Kamyo iliungua mpaka vikabaki chuma na harufu. Nasikia mbwa wa kijiji kile walikula samaki waliosalia kwa siku nyingi.

Mimi nilikuwa garajini, nasafisha nguzo za batri, polisi walipokuja kunichukua.

Katika ofisi alikuwapo Mzungu wa polisi nyuma ya meza, karani wa kutafsiri, mfanyabiashara, na mwenye garaji yangu. Shemeji aliletwa kutoka hospitali, mikono yake imefungwa bendeji nyeupe mpaka kwenye viwiko, kama amevaa mito. Nilipomwona niliinuka nimkaribie, polisi akanirudisha. Nilimwuliza kwa macho. Akaangalia bendeji zake.

Aliulizwa yeye kwanza, naye akajibu kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa na Kifaransa cha garaji, majina ya vyuma na matusi, lakini nilielewa vya kutosha. Alisema taa zilikuwa mbovu, akaipeleka kamyo kwa fundi, fundi akafungafunga nyaya, akamwambia aende hakuna neno, naye akaenda. Alisema hakugusa kitu chochote. Alisema kwa sauti ya upole, sentensi zake zimenyooka kama za kitabu, na Mzungu wa polisi akawa anamtikisia kichwa kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi mzuri.

Kisha wakaniuliza mimi nani aliyegusa nyaya mwisho. Nikasema ni mimi. Karani akatafsiri, na nikaona kwamba hapo swali lilikuwa limekwisha. Nikaendelea kueleza hata hivyo. Nikasema waya ule haukuweza kuunguza kamyo kama fizibu ilikuwa ya haki, fizibu ingekatika kabla moto haujazaliwa, taa zingezimika. Lakini kijiji kizima kiliona kamyo ikipita taa zinawaka. Basi kuna mtu ameweka kitu kingine mahali pa fizibu. Nikaomba twende wote tukafungue kile kisanduku, ni cha chuma, kitakuwa kimebaki na ushahidi wake. Maneno yangu yalikuwa mengi. Karani aliyasikiliza yote, akamgeukia bwana wake, akasema maneno machache. Sijui alisema nini. Najua tu kwamba ukweli wangu uliingia kinywani mwake ukiwa mkubwa ukatoka mdogo.

Mzungu wa polisi akamwuliza mwenye garaji kama yeye aliagiza kamyo itoke na waya ule. Nilimtazama. Yeye alitazama dirishani, akasema fundi wake wa umeme huamua mwenyewe mambo ya umeme. Mfanyabiashara akasema mabaki ya kamyo amekwisha kuyauza kama chuma chakavu na hataki kusikia habari yake tena.

Nikageuka kwa shemeji yangu. Nilisema kwa lugha yetu, polepole, ili asiwe na pa kujificha. "Shemeki, ulitia nini mu fasi ya fizibu?"

Akajibu bila kuinua uso. "Minyi sikutia kintu."

Nilifungwa buloko tangu mvua za kwanza mpaka mahindi mabichi yalipoanza kuuzwa. Tulikata nyasi kando ya barabara na kuchimba mifereji, na waliokuwa wananijua walipita wakigeuza baiskeli zao upande wa pili. Jumapili dada yangu, yule mdogo wangu, alikuja na bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya mihogo, katika bakuli lililofungwa kitambaa. Alikaa ng'ambo ya ua mpaka nimalize. Nilimwuliza mikono ya mume wake inaendeleaje, akasema inapona lakini vidole vimeshikana. Nilimwuliza kama mume wake anasema lolote juu ya siku ile. Akasema hapana. Akachukua bakuli, akalifunga tena kitambaa, akaenda. Nilimhurumia. Nilimwona amebanwa kati ya kaka na mume, nikaacha kumwuliza.

Nilipotoka, garaji ilikuwa na fundi mwingine wa umeme. Nilizunguka garaji zote za Kamina. Mahali pengine hata sikufika kwa mkubwa, mlinzi wa mlangoni alitosha. "Haa, njo weye ya kamyo ya samaki," alisema, na wenzake wakaacha kazi kunitazama. Nikaanza kutengeneza baiskeli chini ya paa la nyasi karibu na soko, kuziba mipira na kunyoosha rimu. Wapagazi wale wale walioimba juu ya kamyo walileta baiskeli zao. Hawakusema kitu, na ukimya wao ulikuwa wa heshima, lakini nilitamani hata mmoja angesema.

Shemeji hakuweza tena kushika usukani. Yule mfanyabiashara alimfanya kapita wa ghala lake, msimamizi wa watu wanaopakia samaki kwenye mabehewa, kwa sababu, watu walisema, ni kijana aliyeungua akiokoa mali ya bwana wake. Mjini alipewa heshima ya shujaa. Wakubwa wa kanisa lake walimtembelea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakula, naacha kula. Mama yangu alikuwa ameanza kuugua kifua. Aliniita kijijini, akaniambia hawezi kwenda kaburini huku watoto wake hawakai kwenye mkeka mmoja. Aliamini yaliyosemwa. Hakunilaumu kwa ukali. Aliona ni bahati mbaya ya kazi, fundi amekosea, shoka humkata hata mwenye shoka. Lakini mikono ya mtu imeharibika, alisema, na ni mikono ya mume wa binti yake.

"Mwanangu," aliniambia, "muombe shemeki yako msamaha wa ile mikono."

Nilimweleza tena habari ya fizibu. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Alipoanza kukohoa nilinyamaza, nikasema nitafanya anavyotaka.

Ukoo ukakusanyika. Nilileta jogoo, na bia ya mahindi ililetwa na mjomba wangu, ambayo shemeji hakuinywa kwa sababu ya kanisa lake. Nikapiga magoti mbele ya mtu niliyemfundisha kuendesha gari, nikapiga makofi ya heshima kama desturi yetu ya Kiluba inavyotaka, nikasema naomba msamaha kwa mikono yake. Dada yangu alikuwa amekaa karibu na mafiga, anakoroga chungu ambacho hakikuwa juu ya moto. Watu wote walimngoja mumewe aseme.

"Imeisha, shemeki," alisema. "Nilishakusamehe zamani."

Akaweka mkono wake kichwani kwangu. Nilisikia vidole vilivyoshikana, vigumu kama mzizi. Mama akalia kwa furaha. Wanawake wakapiga vigelegele. Jogoo akachinjwa, tukala.

Mama alikufa majira ya baridi yaliyofuata, kelele za uhuru zikiwa zimekwisha kuanza hata vijijini. Usiku wa matanga niliupitisha na wanaume nje. Asubuhi, wengi walipokuwa wamelala kwenye mikeka, dada yangu alinifuata kisimani, ambako nilikuwa nanawa uso. Aliweka ndoo chini lakini hakuchota maji.

Akaniita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Yaya, ile siku ya moto, bwana yangu alinambia."

Niliendelea kunawa. Nilidhani sijasikia vizuri. Akaniambia yote. Alipofika hospitali kumwona mumewe, kabla ya polisi, mumewe, akilia kwa maumivu, alimweleza kila kitu. Fizibu nilizompa zilikatika moja baada ya nyingine kila alipojaribu taa, jua likiwa linashuka. Bosi wake alikuwa amemwahidi kwamba akichelewa treni mara nyingine apeleke funguo ofisini na asirudi. Akachukua karatasi ya bati inayong'aa ya pakiti ya sigara, akaizungushia fizibu iliyokatika, akairudisha mahali pake. Taa zikawaka vizuri kuliko siku zote. Alimwambia dada yangu kwamba alipoziona zimewaka vile alifurahi.

"Uliijua tangu siku ile," nilimwambia.

"Niliijua."

"Na ulikuwa unaniletea bukari kule buloko."

"Ningefanya namna gani, yaya? Angeingia yeye, na mikono yake ile, angekufia mule. Batoto bangekula nini? Weye ulikuwa peke yako, hauna bibi, hauna mutoto. Nilisema weye utaweza."

Hakulia alipokuwa anasema. Kama angelia labda ingekuwa rahisi kwangu. Aliyasema kama mtu aliyekaa na hesabu hiyo muda mrefu na kila siku akaikuta ni sahihi. Nami, lililo baya zaidi, sikuona mahali pa kumwambia amekosea. Nilikuwa peke yangu kweli. Niliweza kweli.

"Na mama?" nilimwuliza.

 Aliinama akachota maji.

Sikumfuata mumewe siku ile, kwa sababu ya maiti. Nilimfuata baadaye, ghalani kwake, saa za mchana. Alikuwa amekaa kwenye kreti, na mtu mmoja wa ghala alikuwa anamfungia kifungo cha shati ambacho vidole vyake havikuweza. Akaniona usoni, akajua, akamwambia yule mtu atoke.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Yalinipotea nilipoona kile kifungo. Nilimwuliza tu kwa nini aliniacha nipige magoti. Ya polisi niliweza kuyaelewa, nilimwambia, mtu akiogopa Wazungu husema lolote. Lakini ile siku ya jogoo hapakuwa na Mzungu.

 Alisema kwamba kufikia siku ile alikuwa ameisema ile habari mara nyingi sana, kanisani, hospitalini, kwa bosi, kwa baba yake, mpaka akawa anaiona. Anaona mimi nafunga waya vibaya. Akilala anaota mimi nafunga waya vibaya. Nilipopiga magoti, alisema, alisikia kweli moyoni mwake kwamba ananisamehe.

Kisha akaniuliza, "Weye, ungekuwa minyi, ungefanya nini mu njia?"

"Ningelala pale pale," nilimwambia. "Kama nilivyokuambia."

"Ni kwa sababu hauna patron ya kama yangu."

"Ni minyi njo nilikutafutia ile patron."

 Nilirudi kwenye baiskeli zangu. Ningeweza kwenda polisi, kwa mapadri, kwa wazee wa ukoo. Dada yangu alikuwa na mimba tena wakati ule. Na nani angetaka kufungua kesi ya kamyo iliyokwisha kuyeyushwa? Wazungu wenyewe walikuwa wanafunga masanduku yao. Yule mfanyabiashara aliondoka, mwenye garaji akaondoka, yule wa polisi akaondoka, na kila mmoja aliondoka akijua kwamba fundi mweusi mmoja wa Kamina hakujua kazi yake.

Baada ya uhuru shemeji alihamisha jamaa yake mjini Luluabourg, ambako ndugu yake alikuwa karani. Salamu zilikuja kwa watu wa treni, kisha zikapungua. Nilirudi kwenye umeme wa magari pole pole, magari ya watu waliokuja baadaye, wasiojua habari za zamani, na nilikuwa fundi mzuri. Nasema hivyo bila kujisifu. Wakati huo macho yalikuwa yameanza kupungua, na miaka ambayo macho na mikono vilikuwa pamoja niliitumia kuziba mipira ya baiskeli.

Dada alikuja mara moja, peke yake, nywele zake nyeupe. Mume alikuwa amekufa. Nilimchinjia kuku, nikampa kitanda changu, tukaongea habari za watoto wake, nani ameoa, nani anasoma wapi. Mtoto wake wa kwanza, aliniambia, amekuwa daktari. Akanitazama aliposema hivyo, akingoja niseme kitu. Nikasema ni jambo jema.

Asubuhi alifunga mzigo wake kwenda stesheni. Kwetu mgeni husindikizwa, hata adui husindikizwa mpaka mwisho wa ua. Nilimwambia nina gari la mtu linaningoja, nikaingia chini ya gari lile, nikakaa pale nikiangalia chuma mpaka niliposikia treni imepiga filimbi na kuondoka.